Vifupisho vya Mama

Kila siku akirudi shuleni, Kidole alimkuta mama yake mahali pale pale: kwenye kiti chenye mto, mbele ya kompyuta, visikilizio vimefunika masikio na beseni dogo la maji ya uvuguvugu likiwa pembeni. Maji yale hayakuwa ya kunawa. Mama aliugua baridi yabisi, na kila baada ya muda alitumbukiza mikono humo, akavikunja vidole na kuvikunjua mpaka vikubali tena kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika taarifa za wagonjwa. Madaktari wa hospitali iliyokuwa mwisho wa barabara yao walirekodi maelezo kwa sauti baada ya kumwona kila mgonjwa. Sauti zile zilitumwa kwa mama, naye akasikiliza na kuandika, kisha akazituma taarifa hospitalini zichapishwe na kuwekwa kwenye majalada. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa. Baba yake Kidole alifanya kazi ya ujenzi mbali na nyumbani, akija mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingi walikuwa wawili tu, mama na binti, na sauti za madaktari zikinong'ona kwenye visikilizio.

Kwa mikono ile mama asingeweza kumaliza kurasa ishirini kwa siku, kama si vifupisho. Sentensi ambazo madaktari walizirudia kila siku alikuwa amezipa herufi chache na kuzihifadhi ndani ya programu ya kuandikia. Akiandika "sk" na kubonyeza kitufe kimoja, inajitokeza sentensi nzima: "Shinikizo la damu ni la kawaida." Akiandika "rd", inatokea: "Arudi kliniki baada ya wiki mbili." Vifupisho hivyo alivikusanya kimoja kimoja kwa miaka yote tisa. Vilikuwa kichwani mwake na ndani ya ile kompyuta, basi. Hakuna daftari ambamo viliandikwa.

Jina la Kidole alipewa na mjomba wake, mdogo wake mama, aliyekuwa fundi wa kompyuta. "Huyu mtoto akiona kitufe lazima akibonyeze," alisema mjomba siku moja baada ya kukuta redio yake imenyamaza kabisa. Jina likamganda. Hata hivyo, kufikia umri wa miaka kumi na tatu, vidole vile vilikuwa vimejifunza mengi. Simu ya jirani ikigoma, aliitwa yeye. Naye alipenda kuitwa.

Ndipo hospitali ilipotuma barua kwamba kuanzia mwezi ule taarifa zote ziandikwe kwa toleo jipya la programu. Mama alimpigia mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa kazini katika mji mwingine.

"Dada, sitarudi kabla ya wiki mbili," mjomba alisema. "Lakini hiyo si kazi ngumu. Mpe simu Kidole."

Kidole akachukua simu.

"Sikiliza vizuri. Kabla hujagusa kitu chochote, nakili lile faili la vifupisho vya mama yako kwenye flashi. Ukishahakikisha limo, ndipo ufute toleo la zamani na kuweka jipya. Halafu unavihamisha. Kwanza nini?"

"Kwanza vifupisho, mjomba."

"Haya. Ukikwama, nipigie."

Jumamosi asubuhi mama alikwenda hospitalini kuonyesha mikono yake kwa daktari, akamwacha Kidole na kompyuta. Saa nne wasichana wa mtaani walikuwa na mchezo wa mpira wa wavu, na Kidole ndiye aliyekuwa mrushaji wao mzuri. Alikaa kwenye kiti cha mama akaanza kulitafuta lile faili. Alifungua folda hii, akafunga ile. Majina yalikuwa marefu na ya ajabu ajabu. Dakika ishirini zikapita. Nje ya dirisha wenzake walipita wakidundisha mpira, mmoja akagonga kioo.

"Unakuja au tumpange mwingine?"

"Nakuja."

Angeweza kumpigia mjomba. Alishika simu, akairudisha mezani. Mjomba angemwambia afungue hiki, afunge kile, na muda ungekwisha. Alikumbuka jinsi mama alivyonunua simu mpya na namba zote za zamani zikajileta zenyewe. "Hata hivi vitajileta," alijiambia. Akafuta toleo la zamani, akaweka jipya, na lilipofunguka na rangi zake za kupendeza, akazima kompyuta na kutoka mbio.

Mama alirudi mchana akiwa amefungwa bandeji laini kwenye viganja.

"Umeiweka programu?"

"Nimeiweka, mama."

"Na vifupisho vyangu umevinakili kwanza, kama alivyosema mjomba wako?"

Kidole alikuwa akivua viatu vyake vya mpira, uso umeinama.

"Nimenakili," alisema.

Jumapili, mama alipokuwa amelala mchana, Kidole alifungua programu mpya, akaandika "sk" na kubonyeza kitufe. Herufi mbili zikabaki vile vile, herufi mbili. Akajaribu "rd". Akajaribu na vingine vyote alivyovikumbuka. Ukurasa mzima ukajaa herufi mbilimbili zisizo na maana.

Jumatatu aliporudi shuleni alimkuta mama ametoa visikilizio, anatazama kioo cha kompyuta.

"Mbona vifupisho vyangu havifanyi kazi?"

"Programu mpya haivipokei vyote kwa pamoja, mama," Kidole alijibu. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka laini. "Nitaviingiza kidogo kidogo."

"Au tumpigie mjomba wako?"

"Mjomba ana kazi nyingi. Nitaweza."

Mama akamtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Wewe ndiye unayeyajua mambo hayo."

Tangu siku hiyo, kila mama alipopumzika, Kidole alichukua bunda la taarifa za zamani ambazo mama alichapisha nakala zake, akatafuta sentensi zinazojirudia na kuzipa herufi upya. Nyingi alizikumbuka, kwa kuwa alikuwa amekaa miaka mingi pembeni ya mama akifanya kazi za shule na kutazama. Nyingine alizibahatisha. Alijua kwa hakika kwamba kulikuwa na "mz1" na "mz2", na kwamba zote zilihusu mzio, yaani dawa ambazo mwili wa mgonjwa hauzikubali. Katika bunda lile alikuta sentensi moja tu ya namna hiyo: "Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote." Akaiweka kwenye "mz1". Kwa "mz2" alisita. Kumuuliza mama kungekuwa kujifunga mwenyewe. Akaiweka sentensi ile ile na huko pia, akisema moyoni kwamba ataitengeneza baadaye.

Vilivyobaki hakuweza kuvijaza, na mama akaandika neno kwa neno. Kufikia Jumatano viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama njugu. Usiku hakulalamika, lakini asubuhi alishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai, akamsukumia Kidole bila kusema kitu. Kidole akakifungua. Hakuweza kunywa chai ile.

Siku ya Ijumaa aliporudi shuleni, alikuta viatu vigeni mlangoni. Sebuleni alikuwamo msimamizi wa majalada wa hospitali, mwanamke mnene mpole ambaye kwa kawaida alipenda utani. Leo hakutania. Kidole alimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo na kuendelea.

"Juzi kalazwa seremala mmoja, mtu mzima, jeraha la mguu limeingia uchafu. Alikuwa na homa kali, hata kujieleza hawezi. Mwanawe ndiye aliyemwambia daktari kwamba baba yake hapatani na penisilini. Daktari akarekodi hivyo hivyo. Lakini taarifa iliyotoka kwako, dada yangu, inasema hana mzio wa dawa yoyote."

Mama alisogeza kikombe chake pembeni.

"Muuguzi wa zamu akasoma, akamchoma sindano ya penisilini. Haikupita muda, uso ukavimba, koo likaanza kuziba."

"Yu hai?" mama aliuliza.

"Yu hai. Waliwahi. Lakini ilibaki kidogo sana." Msimamizi akatazama mikono yake mwenyewe. "Daktari mkuu amesema usimame kazi kwanza mpaka jambo hili lichunguzwe. Sikutaka upate habari kwa simu. Ndiyo maana nimekuja."

Alipoondoka, mama alikaa muda mrefu bila kuondoa vikombe. Kidole alisimama kwenye mlango wa jikoni, mkono umeshika fremu. Alijua ni kifupisho gani. Alikijua kama anavyolijua jina lake.

Sasa ndio ungekuwa wakati wa kusema, na hakusema. Jumamosi hakusema. Jumapili pia ikapita. Mpira ukadundishwa nje ya dirisha, akawaambia wenzake kichwa kinamuuma.

Lililomtesa zaidi halikuwa hofu ya kuchapwa. Mama hakuwa na desturi hiyo. Lililomtesa ni kwamba mama alijilaumu mwenyewe. Alivaa visikilizio na kuirudia sauti ya daktari, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. "Anasema ana," alinong'ona. "Nimesikia ana. Sasa mkono wangu uliandikaje hana?" Alimwita Kidole amsomee magazeti ya zamani kwa sauti, yeye akaandika kwa kalamu, kisha akalinganisha neno kwa neno ili ajue kama masikio yake yanamdanganya. Hakukosea hata mara moja. Badala ya kumtuliza, jambo hilo lilimtisha.

"Bibi yako alianza hivi hivi," alisema Jumatatu jioni, akiukunja waya wa visikilizio taratibu. "Alianza kwa kusahau vitu vidogo. Baadaye hakututambua hata sisi watoto wake. Huenda na mimi zamu yangu imefika. Kazi ya watu wagonjwa si ya kuchezea. Hata wakiniita, sitarudi."

Akaviweka visikilizio ndani ya boksi la viatu na kulifunika.

Kidole akaketi sakafuni pale pale alipokuwa.

"Mama, huna ugonjwa huo."

"Utajuaje wewe?"

"Ni mimi. Sikunakili vifupisho. Sikulipata faili, nikataka kuwahi mpira. Nikafuta. Vyote unavyovitumia nimevitunga mimi, na ile mz2 sikuijua, nikaweka maneno ya mz1. Wewe uliandika sawasawa. Mimi ndiye niliyeweka hana."

Kidole alisubiri kelele. Mama aliinua mikono yake iliyovimba, akaitazama mbele na nyuma, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

"Tangu Ijumaa," alisema hatimaye, "umeniangalia nikijiona nimepotewa na akili. Na ukanisomea magazeti."

"Ndiyo, mama."

"Nenda ukalale."

Ilikuwa bado mapema, lakini Kidole alikwenda.

Mama alimpigia mdogo wake usiku ule ule, naye mjomba akafika kesho yake alasiri, mfuko wa safari ukiwa bado begani. Hakumwita Kidole kwa utani wala hakumfokea. Alivuta viti viwili mbele ya kompyuta.

"Nataka unieleze ulichofanya Jumamosi ile. Ulichokibonyeza kwanza, cha pili, mpaka mwisho. Usiruke kitu ili kujipendezesha, maana ukiruka nitatafuta mahali pasipo penyewe."

Kidole akaeleza yote. Alisema alipotafuta na jinsi alivyoshindwa, akataja swali ambalo kompyuta ilimuuliza wakati wa kufuta na jibu alilobonyeza bila kulisoma vizuri.

"Ilikuuliza kama ufute na vitu binafsi vya mtumiaji?"

"Iliuliza kitu kama hicho. Nilibonyeza hapana, kwa sababu kitufe cha hapana ndicho kilichokuwa karibu."

Mjomba akapumua kwa nguvu. Akafungua folda moja, akaagiza kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, akashuka chini kwenye orodha. Mshale ukasimama kwenye faili moja. Lilikuwa na jina la lile la zamani, na mwishoni toleo jipya lilikuwa limelibandika alama ya kuonyesha kwamba limewekwa kando.

"Hili hapa. Halikufutika. Programu mpya ilipoingia ililikuta, ikalisogeza pembeni na kuanza na lake tupu."

Alilinakili kwanza kwenye flashi, akaitoa na kuiweka mfukoni. Kisha akafungua sehemu ya kuhamishia, upande wa kushoto faili la zamani, upande wa kulia jipya. Akavifuta vile alivyovitunga Kidole, akavichagua vya mama vyote na kuvivusha. Kompyuta ikavihesabu yenyewe: mia sita na kumi na viwili.

"Dada, jaribu."

Mama akaja, akaandika "sk". Sentensi ikajitokeza. Akaandika "mz2", ikatokea: "Mgonjwa ana mzio wa penisilini." Akaandika vingine, vyote vikaitika. Machozi yakamtoka bila sauti, naye akayafuta kwa mgongo wa mkono.

"Imechukua muda gani?" Kidole aliuliza kwa sauti ya chini.

Mjomba alitazama saa ukutani. "Dakika kumi. Hata siku ile ingechukua dakika kumi, kwa simu."

Akaanza kufungua mfuko wake wa safari. Kidole angependelea afokewe.

Asubuhi iliyofuata mama alimwombea Kidole ruhusa shuleni, wakaenda kwa daktari mkuu. Alikuwa mzee mwembamba aliyezungumza bila haraka. Kidole alimwamkia, akasimama mbele ya meza na kueleza mwenyewe, kwa kuwa mama alikuwa amemwambia njiani kwamba hatamsemea. Sauti ilimkatika mara mbili. Daktari alisubiri mara zote mbili.

Kisha akamgeukia mama kwanza. "Mama, nawe una sehemu yako. Kompyuta yenye siri za wagonjwa haikabidhiwi mtoto, hata awe hodari namna gani. Na taarifa husomwa kabla ya kutumwa."

"Ni kweli, daktari. Siku ile mikono iliniuma, nikaona mwanzo wa sentensi nikadhani ndiyo. Sikusoma mpaka mwisho."

"Utarudi kazini Jumatatu. Lakini kuanzia sasa habari ya mzio hutaiandika kwa kifupisho. Utaiandika kwa mkono wako, herufi kwa herufi, na hapa kutakuwa na mtu wa pili wa kusikiliza na kulinganisha. Hilo ni kosa letu sisi, hatukuwa na mtu huyo." Akamtazama Kidole. "Nawe, kabla hujaenda shule, kuna mtu unapaswa kumwona."

Seremala alikuwa kitanda cha tatu wodini. Uvimbe ulikuwa umepungua, ila jicho moja lilikuwa bado halifunguki vizuri, na sauti yake ilikwaruza. Kidole alimwamkia na kumwambia yeye ni nani na amefanya nini.

"Sitakudanganya kwamba si kitu," alisema mzee. "Nilidhani nakufa. Nilikuwa nawaza benchi za shule nilizoacha hazina miguu." Akakohoa. "Mwanafunzi wangu akikata ubao vibaya, akaniambia, tunatafuta ubao mwingine. Akiupaka gundi na kuuficha, mtu atakalia benchi hilo na kuanguka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Basi nenda shule. Nimekusamehe, lakini koo bado linauma."

Walitoka kwa mlango wa nyuma wa hospitali, mama mbele, Kidole hatua mbili nyuma. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Walipofika barabarani, Kidole aliuliza alichokuwa akikiogopa tangu Jumatatu.

"Mama, utaniamini tena lini?"

"Sijui, mwanangu. Ningekuwa nakudanganya nikikutajia siku." Mama alipunguza mwendo mpaka wakawa sawa. "Kushindwa kulipata lile faili hakukuwa kosa. Hata mimi nisingelipata. Kuwahi mpira lilikuwa kosa dogo, la kitoto, ningekukemea yakaisha. Lakini uliposema umenakili, ulinifunga macho. Nilifanya kazi kama mtu anayeona, kumbe sioni, na mtu mwingine akaumia. Ukikosea, sema siku ile ile, wakati bado kuna la kufanya. Aibu yake ni ya muda mfupi. Ukificha, unawabebesha wengine mzigo ambao hata hawajui wanaubeba."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kuamini ni jambo jingine, hilo litarudi polepole."

Jumatatu mama alirudi kazini, na mikono ikaanza kupungua uvimbe kidogo kidogo. Nyumbani hawakucheka sana wiki ile. Siku moja asubuhi walitoka pamoja, mama akipeleka karatasi za malipo yake hospitalini na Kidole akienda shule. Walikuwa wamekwisha kufika kwenye kona mama alipouliza:

"Umezima jiko?"

Kidole alifungua kinywa kusema ndiyo. Kengele ya shule ingelia wakati wowote. Akakifunga.

"Sikumbuki vizuri, mama. Ngoja nirudi nikaangalie."

Akakimbia kurudi nyumbani. Mama hakuendelea na safari. Alisimama pale kwenye kona, karatasi zake kwapani, akamsubiri.